Kuwapanga chipukizi wa besiboli: shajara ya mradi

Novemba, ligi zimefungwa

Mradi wenyewe ni huu: orodha yangu ya chipukizi wa ligi ndogo za besiboli za Marekani, yenye maelezo ya kwa nini kila mmoja yupo alipo. Orodha za namna hii zimejaa tele. Jarida la Baseball America linatoa ya vijana 100 kila mwaka tangu 1990, na klabu zina zao ambazo hazitoki ofisini. Sishindani nao. Nataka kujua orodha inajengwaje: wapi ni hesabu, na wapi ni mtu tu amependezwa na jinsi fulani anavyokimbia.

Kwa waliozoea soka, mfumo wenyewe una ngazi nyingi kuliko timu ya vijana tunayoijua. Kila klabu kati ya 30 za ligi kuu ina timu nne chini yake: Single-A, High-A, Double-A, na Triple-A ambayo ndiyo mlango wa juu. Jumla timu 120, mpangilio ulioanza 2021 baada ya nyingine kadhaa kupunguzwa. Chini ya hizo kuna ligi za viwanja vya mazoezi vya Arizona na Florida, na chini kabisa ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, wanakoanzia watoto wa miaka 16 na 17. Dogo anaanzia huko, akifanya vizuri anapandishwa. Walio wengi hawafiki ligi kuu hata kwa siku moja.

Uamuzi wa kwanza: nafanya kazi na misimu ya zamani, majibu yake yanajulikana. Nikimpima kijana wa 2013 kwa namba alizokuwa nazo mwisho wa 2013 tu, ninaweza kufungua ukurasa wa pili nikaona aliishia wapi. Ukianza na vijana wa leo itabidi usubiri miaka mitano ndipo ujue kama ulikuwa unapima au unapiga ramli.

Desemba

Jedwali limesimama. Safu ni umri, ngazi, zamu za kupiga, straiki (mara alizotolewa kwa straiki tatu), besi za bure (anapewa besi ya kwanza mrushaji akikosea mara nne), hom-rani (mpira uliopigwa hadi nje ya uwanja), mbio. Sasa naongeza kipimo cha maskauti, yaani watafuta vipaji wa klabu, kwa sababu bila hicho huwezi kuongea na mtu yeyote kwenye kazi hii.

Kipimo kinaanzia 20 na kuishia 80. Hamsini ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu, siyo wa ngazi anayochezea kijana sasa. Kila kumi ni hatua kamili kutoka kwenye wastani huo: wa 60 ni kama mmoja kati ya sita, wa 70 ni wa kuhesabu, na 80 skauti anaweza kufanya kazi miaka na miaka bila kuiandika. Mpigaji anapimwa mambo matano: kuupata mpira, nguvu, mbio, udakaji na mkono wa kurusha. Kila jambo linapewa alama mbili, ya leo na ya atakapokomaa. Kijana wa miaka 18 anaweza kuandikiwa 20 leo na 60 baadaye, na skauti asione ajabu yoyote. Pengo hilo la 40 ndiyo kazi yote.

Nimependa kipimo hiki kuliko nilivyotarajia. Kinakulazimisha useme kitu. Ukiandika "ana kipaji kikubwa" hakuna atakayekubana. Ukiandika 60 ya nguvu, umesema kijana wa Single-A atakuwa na nguvu kuliko wapigaji watano kati ya sita wa ligi kuu, na watu watakushika kwa neno hilo.

Januari 15

Leo dirisha la usajili wa kimataifa limefunguliwa. Zamani lilikuwa Julai 2. Vijana wa miaka 16 kutoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela wanasaini tangu asubuhi, na madau yanatajwa moja baada ya jingine. Swali kwa mradi: dau liingie kwenye fomula au lisiingie?

Hoja ya kuliingiza ni nyepesi kuielewa. Dau ni maoni ya maskauti yaliyoandikwa kwa pesa. Juan Soto alipewa dola milioni 1.5 mwaka 2015, na aliyesaini hundi ile hajutii. Lakini Ronald Acuña Jr. alisajiliwa kwa dola 100,000 mwaka 2014. Elly De La Cruz, 65,000 mwaka 2018. José Ramírez, 50,000. Jose Altuve, 15,000 mwaka 2007, tena baada ya kuambiwa arudi nyumbani siku ya kwanza ya majaribio kule Maracay kwa sababu ya ufupi wake. Kesho yake akarudi tena. Ana mita 1.68 kwa kipimo cha ukarimu, na aliingia ligi kuu bila kupita kwenye ile orodha ya 100.

Majina hayo matano ni ya nyota wa ligi kuu, lakini hayathibitishi chochote, maana nimeyachagua mwenyewe, na kwa kila Altuve kuna mamia ya waliosaini kwa 15,000 ambao hakuna anayewakumbuka. Kinachonifanya nisite ni jambo jingine. Dau likishatolewa linaanza kufanya kazi lenyewe. Klabu iliyotoa milioni mbili haimwachi mtoto kwa sababu ya misimu miwili mibaya. Itampa wa tatu, na kocha wa peke yake juu. Wa elfu kumi akianza vibaya anakatiwa tiketi ya kurudi kwao. Kwa hiyo ukipiga hesabu mwisho wa yote, wenye madau makubwa wataonekana wamefika wengi zaidi, na sehemu ya kufika kwao ni subira waliyolipiwa.

Dau limebaki nje ya fomula. Nimeliweka kwenye safu ya pembeni, la kusoma tu.

Februari

Umri. Hapa ndipo mradi unaposimama au kuanguka, kwa hiyo nimechukua muda.

Namba za ligi ndogo peke yake zinadanganya. Jamaa wa miaka 25 akipiga .330 (vipigo 33 vya kumfikisha besi katika kila zamu 100) kwenye High-A, amewaonea wadogo zake. Wa miaka 19 akipiga .260 kwenye Double-A, ambako wengi wana 23 au 24, amefanya jambo kubwa zaidi hata kama gazeti halitamtaja. Warushaji wa Double-A wanajua kuurudisha mpira wa kukunja pale pale ulipomshinda mpigaji mara ya kwanza. Anayehimili hayo kabla hajatimiza 20 bado ana miaka ya kukua kifua na mabega.

Mfano niliokaa nao muda mrefu ni Soto wa 2018. Alizaliwa Oktoba 1998, kwa hiyo msimu ule anahesabiwa wa miaka 19. Alicheza mechi 16 Hagerstown kwenye Single-A, 15 Potomac kwenye ngazi iliyofuata, nane Harrisburg kwenye Double-A, kisha Mei 20 Washington wakamwita juu. Mechi 39 na hom-rani 14. Mtu wa takwimu atakwambia mechi 39 si ushahidi, na nane za mwisho ndiyo kabisa. Ni kweli. Ila kule kupandishwa mara tatu ndani ya majira ya kuchipua mamoja ni ushahidi wa aina yake: watu wanaomwona kila siku walikuwa wanamtafutia mahali ambapo angeshindwa, hawakupata. Ligi kuu alimaliza na .292 na hom-rani 22 katika mechi 116.

Utasema: mbona hiyo nayo ni maoni ya klabu, kama dau? Ni maoni, lakini yametolewa baada ya kazi kuonekana, na wa elfu kumi naye anaweza kuyapata akipiga. Nimeyapa uzito.

Fomula kwa sasa: kila mwaka kijana aliopungukiwa na wastani wa umri wa ngazi yake unamwongezea alama, na kila mwaka aliozidi unamkata, ila makato ni makali kuliko nyongeza. Waliozidi kwa miaka mitatu huwa wanaondoka wenyewe chini ya jedwali.

Kuna shimo moja nisiloweza kuliziba. Ligi ndogo zote zilifutwa 2020 kwa korona. Umri haukusimama. Wapo vijana waliotoka ligi ya Dominika wakiwa na 17 wakarudi uwanjani wakiwa na 19, na kwenye jedwali langu wanaonekana wamechelewa. De La Cruz ni mmoja wao: 2019 yuko Dominika, 2021 ndiyo anaonekana Marekani, akiwa amerefuka hadi kaka zake hawamjui. Kwa kundi hili nimeondoa makato ya mwaka mmoja na kuandika pembeni kwamba nimeondoa.

Machi, wiki ya kwanza

Zamu za usiku kazini. Hakuna kilichofanyika.

Machi, mwishoni

Straiki. Nilitaka kujua ni namba ipi ya kijana inayotulia mapema, yaani ipi unaweza kuiamini kabla msimu haujafika mbali. Russell Carleton, mtafiti wa takwimu za besiboli, alishalifanyia kazi hili kwa wachezaji wa ligi kuu: kiwango cha mpigaji kutolewa kwa straiki kinaanza kueleweka baada ya zamu 60 hivi, besi za bure zinahitaji kama mara mbili ya hapo, na wastani wa kupiga, ile namba ambayo kila mtu anaitaja kwanza, unahitaji zaidi ya zamu 900. Kijana hapati zamu 900 kwa msimu mmoja. Kwa maneno mengine, .310 ya kijana wa Single-A ni habari ya upepo na bahati nusu nzima.

Nikachukua vijana wawili wa msimu wa 2013, wote wakiwa ngazi za chini.

Mookie Betts, wa Boston, aliyekuja kuwa nyota wa ligi kuu. Mfupi, raundi ya tano ya drafti ya 2011 (drafti ni pale klabu zinapopokezana kuchagua vijana wapya). Msimu wa 2012 pale Lowell hakupiga hom-rani hata moja katika mechi 71, na kwenye orodha ya 100 hakuna aliyemtafuta. Mwaka uliofuata alipiga 15, lakini siyo hizo zilizonisimamisha. Straiki 57, besi za bure 81. Kijana wa miaka 20 ambaye anapewa besi ya bure mara nyingi kuliko anavyotolewa kwa straiki ana macho. Macho hayafundishwi haraka. Misuli inakuja kwa kula na kunyanyua chuma. Na tukirudi nyuma, hata ule mwaka wa hom-rani sifuri macho yalikuwepo kwenye namba, ila nani aliangalia?

Joey Gallo, wa Texas. Yeye alikuwa Hickory, miaka 19, na alipiga hom-rani 38 pale na mbili kwingine, 40 jumla. Zamu 446 Hickory, straiki 165. Asilimia 37. Fomula yangu ilimpa nguvu 80 na kumpa 30 ya kuupata mpira, kisha ikamtupa katikati ya jedwali pamoja na wachezaji wa kawaida kabisa.

Sasa soma alivyoishia. Mwaka 2017 alipiga hom-rani 41 na wastani wa .209. Mwaka 2018, hom-rani 40 na .206, straiki 207. Yaani fomula ilimwona sawasawa, nguvu na udhaifu vyote. Kilichogoma ni kumpa nafasi moja kwenye mstari. Aliye wa 50 kwa sababu kila kitu chake ni 50, na aliye wa 50 kwa sababu ana 80 na 30, hawafanani hata kidogo, lakini kwenye orodha wanakaa viti vya jirani. Wa kwanza utajua nini unapata. Wa pili anaweza kukupa bingwa au asikupe kitu, na klabu yenye nafasi ya kubahatisha itamtaka yeye.

Nimelizungusha hili kichwani wiki nzima. Kumjua mchezaji na kumpanga ni kazi mbili, na ya pili ndiyo inayoharibu ya kwanza.

Aprili

Ligi zimefunguliwa, na hapa Louisville tuna bahati: Louisville Bats ni timu ya Triple-A ya Cincinnati Reds, na uwanja uko katikati ya mji, ukiingilia kwenye jengo kuukuu la matofali. Tiketi ni ya bei ya kawaida. Aprili baridi bado ipo, viti vingi vitupu, kwa hiyo unakaa unapotaka.

Nimeenda na shemeji. Ametokea Jinja, alikuwa mwalimu wa michezo, na besiboli ameijulia hapa hapa. Mimi nilikaa upande wa besi ya kwanza na saa ya simu. Kazi ya saa ni moja: unabonyeza gongo linapogusa mpira, unabonyeza tena mguu unapogusa besi ya kwanza. Ni mita 27 na kidogo. Mpigaji wa mkono wa kulia akitumia sekunde 4.3 huyo ni 50 ya mbio. Wa mkono wa kushoto anatakiwa 4.2 kwa sababu anasimama karibu zaidi na besi. Akishuka hadi 4.0 unaanza kuandika namba nzuri. Inasikika rahisi. Wengi wao lakini hawakimbii kwa nguvu mpira ukienda moja kwa moja kwa mdakaji, kwa hiyo muda unaofaa ni ule wa mpira unaogombaniwa tu, na kwa jioni nzima mchezaji mmoja anaweza kukupa muda mmoja wa maana au asikupe kabisa. Na kidole gumba changu kina uzito wake. Skauti wa kulipwa anakaa mechi tano mfululizo kwa ajili hiyo.

Shemeji hakuwa na saa. Kwenye raundi ya nne akaniuliza, "Shemeji, huyu namba yako inasemaje?" Nikamwambia straiki nyingi kidogo, nguvu ipo.

"Mwangalie mguu wa mbele. Ukija mpira wa kasi, unatua sawa. Ukija wa kukunja, kisigino kinafunguka kabla mpira haujafika. Anaukimbia mpira."

Nilimtazama zamu mbili zilizofuata. Kisigino kilifunguka kila mara. Nyumbani nikafungua jedwali nikatenga mipira ya kasi na ya kukunja, na tofauti ilikuwa pale, imejificha ndani ya ile asilimia moja ya straiki niliyokuwa nimeridhika nayo. Kwenye Triple-A data ya Statcast, mfumo wa kamera unaopima kila mpira, iko wazi kwa umma tangu 2023, kwa hiyo mambo haya yanatafutika. Ila unahitaji kujua cha kutafuta.

Huku juu Triple-A vifaa vinasema vitu ambavyo jicho haliwezi. Mei 2023, De La Cruz akiwa hapa hapa na jezi ya Bats, alipiga mipira mitatu katika mechi moja iliyotoka kwenye gongo kwa maili 118.8, 117.1 na 116.6 kwa saa. Mpira wa maili 95 unahesabiwa umepigwa kwa nguvu. Mwezi uliofuata alikuwa Cincinnati. Straiki zake zilikuwa za kutisha na zimebaki hivyo, 218 kwa msimu wa 2024, mwaka ambao pia aliiba besi 67. Fomula yangu inamkata. Siiachi fomula iwe peke yake na mtu wa namna hiyo.

Mei

Marekebisho ya mazingira, kwa ufupi.

Albuquerque iko juu zaidi ya mita 1,500, chini kidogo tu ya Nairobi. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka, mpira wa kukunja haukunji. Reno vivyo hivyo. Hom-rani za huko nazipunguza. Florida ni kinyume: viwanja vikubwa, hewa nzito ya usawa wa bahari, mipira inafia kwenye glovu. Kijana wa Single-A mwenye hom-rani 12 Florida namtazama mara mbili.

Mwamuzi wa mashine, anayeamua kama mpira ni straiki, alienea viwanja vyote vya Triple-A mwaka 2023, na besi za bure zikaongezeka. Kwa hiyo besi za bure za Triple-A za 2023 silinganishi na za 2019 bila kuzikata.

Na mishahara, ambayo sijaona mtu anaiweka kwenye fomula. Kabla ya mkataba wa kwanza wa wachezaji wa ligi ndogo, uliosainiwa 2023, kijana wa ligi za viwanja vya mazoezi alilipwa dola 4,800 kwa mwaka na wa Double-A dola 13,800. Mkataba huo ulizipandisha hadi 19,800 na 30,250. Data yangu yote ya zamani ni ya vijana waliokuwa wanalala sita kwenye chumba na kula mikate ya siagi ya karanga baada ya mechi. Ni nani kati yao aliyeshindwa kwa sababu hakuweza kupiga, na nani kwa sababu hakushiba? Jedwali halijui. Nadhani ile faida ya wenye dau kubwa niliyoiandika Januari ilipita sana hapa, mezani na kitandani.

Mei, wiki ya mwisho: warushaji

Niliwaahirisha kwa makusudi.

Mpigaji anaweza kuporomoka taratibu. Mrushaji anaharibika kwa mpira mmoja. Upasuaji wa kiwiko ambao Frank Jobe alimfanyia Tommy John mwaka 1974 sasa ni wa kawaida kiasi kwamba klabu inauwekea ratiba: mwaka mzima nje, mara nyingi zaidi. Bega ni baya kuliko kiwiko. Brien Taylor alichaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya 1991, akapewa dola milioni 1.55, na mwaka uliofuata alikuwa juu kabisa ya orodha ya Baseball America. Desemba 1993 aliumia bega kwenye ugomvi, na hakuwahi kurusha mpira hata mmoja ligi kuu.

Mark Appel aliteuliwa wa kwanza 2013. Wa pili siku ile alikuwa Kris Bryant, aliyekuja kuwa nyota wa ligi kuu. Appel alipitia majeraha, akaacha mchezo, akarudi, na alirusha ligi kuu kwa mara ya kwanza Juni 2022 akiwa na miaka 30. Simwiti aliyefeli, miaka tisa ya kung'ang'ania si mchezo. Ila mtu aliyempanga juu ya Bryant kwa kipimo cha kesho alilipa gharama.

Kanuni niliyoiweka: kila mrushaji aliye chini ya Double-A anashushwa alama tano kutoka alichostahili, bila kujali kasi. Wa Double-A na Triple-A hawashushwi, kwa sababu mkono uliofika pale umeshapita mtihani fulani. Ni kanuni ya kikatili kwa vijana wanaorusha maili 100, na klabu zisingeikubali. Mimi nina karatasi tu, sina kikosi cha kujaza.

Juni

Shemeji ameuliza swali ambalo nilijua litakuja: "Waganda wangu wako wapi kwenye hiyo orodha yako?"

Historia fupi kwa asiyejua. Timu ya watoto ya Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League pale Williamsport, mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla, timu nyingine ya Uganda ilifuzu na ikanyimwa viza. Lugazi waliifunga timu ya Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Baadaye Dennis Kasumba, mdakaji aliyejulikana kwa video zake za kufanya mazoezi na matairi, alifika timu ya Frederick Keys kwenye MLB Draft League ya 2023, ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa. Na Pittsburgh Pirates wana mrushaji wao Mganda, David Matoma, mkono wa kulia, kasi ya kweli.

Pirates hao hao ndio waliomsajili Gift Ngoepe wa Afrika Kusini mwaka 2008. Alifika ligi kuu Aprili 26, 2017, mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kukulia bara la Afrika kufika huko, na zamu yake ya kwanza akampiga Jon Lester akafika besi. Alimaliza na mechi 41 kwa misimu miwili. Gongo lake lilikuwa dhaifu ngazi zote na fomula yangu ingemfuta mapema sana. Alichokuwa nacho ni glovu: maskauti walimwona mdakaji wa hali ya juu wa katikati ya uwanja tangu mwanzo, na glovu ilimbeba miaka tisa.

Kwa hiyo jibu langu kwa shemeji ni gumu. Fomula inapopewa mtu mwenye namba chache inamvuta kuelekea wastani, na wastani wa kijana wa ligi za chini kabisa ni kutofika. Kwa hesabu hiyo ni sahihi. Lakini kijana wa Dominika ana kumbukumbu za makocha, video, mashindano ya umri wa miaka 13, wazee waliocheza kabla yake. Wa Uganda anafika akiwa na nusu ya mechi za wenzake, na asilimia zake za msimu wa kwanza zinapima pia mechi ambazo hakuwahi kuzicheza. Ukimpima kwa umri na ngazi kama nilivyofanya Februari, unamwadhibu kwa kuchelewa kuzaliwa karibu na uwanja.

Kuna mfano unaonipa moyo kwamba mtu asiye na namba anaweza kuonekana. Juni 2016 Padres waliwapa White Sox mrushaji James Shields, na kati ya walichopata alikuwemo kijana wa miaka 17 ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja rasmi kwenye mfumo wa White Sox. Hakukuwa na safu yoyote ya kujaza. Kuna mtu alikaa kwenye uwanja wa mazoezi wa Arizona, akatazama, akaandika. Kijana ni Fernando Tatis Jr., aliyekuja kuwa nyota wa ligi kuu.

Nimefungua karatasi ya pili, isiyo na nafasi wala alama ya jumla. Ni ya wenye namba chache: jina, umri, kitu kimoja kinachoonekana, na lini atazamwe tena. Matoma amekuwa wa kwanza kuandikwa. Shemeji hakuridhika. Anataka namba.

Julai

Wiki ya drafti. Raundi 20 siku hizi. Zamani zilikuwa hazina mwisho, Mike Piazza aliitwa raundi ya 62 mwaka 1988. Albert Pujols, raundi ya 13 mwaka 1999.

Orodha imekamilika kwa misimu niliyoianzia, na nimeivunja namba. Hakuna wa 1 hadi wa 100. Kuna madaraja: 60 na zaidi, 55, 50, 45, na ndani ya daraja majina yanapangwa kwa herufi. Tofauti kati ya wa 38 na wa 61 haikuwepo kwenye data tangu mwanzo, niliitengeneza mimi kwa kuwalazimisha wasimame foleni. Mbele ya kila jina kuna mambo mawili badala ya moja: daraja, na upana, yaani umbali kati ya matokeo mabaya na mazuri anayoweza kufikia. Gallo wa 2013 anasomeka 50, upana mkubwa. Betts wa 2013 anasomeka 55, upana mdogo. Soto kabla ya kuitwa anasomeka 60. Altuve hatoki popote. Kwa namba zake za ngazi za chini alikuwa 45 mzuri, na sijapata kifungu cha kumwinua ambacho hakiinui pamoja naye wafupi wengine mia.

Wanaosoma wameniandikia wakidai namba moja ni nani. Atafutwe kwenye daraja la juu, wako wachache.

Kazi inayofuata ni wadakaji wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji, na naiogopa. Wanachelewa kukomaa kuliko wote, kuchuchumaa kunachosha magoti na kudhoofisha upigaji wao, na nusu ya kazi yao haina safu. Mkono unapimika: kutoka mpira kugonga glovu hadi kufika besi ya pili, sekunde 2.0 ndiyo wastani wa ligi kuu, na saa ya simu inatosha. Kuunasa mpira wa pembeni uonekane straiki unapimika Triple-A, ingawa mwamuzi wa mashine ameupunguzia thamani. Kinachobaki ni jinsi anavyomshughulikia mrushaji aliyepoteza mwelekeo na watu wako kwenye besi zote. Shemeji anasema hapo ndipo angeanzia, kwamba ukikaa karibu unaona nani anatembea hadi kwa mrushaji na nani anabaki amechuchumaa. Tumekubaliana wiki ijayo tukae nyuma ya besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, yeye ahesabu hizo safari, mimi nihesabu mpira unaofuata ulitua wapi.